Bisibisi imegeuka sumaku, inaokota vumbi la chuma, naitoaje?

fundi_chikongola
Habari za jioni wakuu. Mimi fundi pikipiki hapa Chikongola, Mtwara mjini. Nilitoa sumaku kwenye spika mbovu nikaitupia kwenye boksi la spana iwe inaniokotea nati, maana mchanga wa huku ukidondosha skrubu ndogo ndo mmeagana. Sasa bisibisi ya nyota iliyokuwa inalalia ile sumaku nayo imekuwa sumaku. Mwanzo nilifurahi, skrubu inakaa yenyewe kwenye ncha, ila jana nafungua kabureta nacheki ncha imeota ndevu za vumbi la grenda, zimesimama kama manyoya ya paka mwenye hasira, na hizo zikiingia kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha mafuta, umemharibia mtu pikipiki. Nafuta na tambara zinahamia upande wa pili tu. Hivi hii nguvu imehamaje, na naiondoaje? Na mbona sumaku hiyohiyo haishiki kijiko cha stenlesi wakati nacho ni chuma?

mwl_lindi
Fundi hakuna kilichohama, ingekuwa inahama sumaku ya spika ingeshaishiwa. Ndani ya chuma tayari kuna visehemu vidogo sana, kila kimoja ni sumaku kamili yenye kaskazini na kusini yake, ila vimeelekea huku na huku kwa hiyo vinauana nguvu. Ukiweka juu ya sumaku vinageukia upande mmoja. Msumari wa kawaida ni chuma laini, ukiubandua vingi vinarudi vilivyokuwa. Bisibisi ni chuma kilichokomazwa, vikishageuka vinagoma kurudi. Hata nyundo inaweza kufanya hiyo kazi, Mwingereza William Gilbert aliandika mwaka 1600 kwamba mhunzi akifua chuma kilicholazwa kaskazini kusini kinatoka na usumaku, kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku.

Kijiko sasa. Stenlesi ya vijiko vingi ina kromiamu na nikeli, na nikeli inabadilisha atomu za chuma zinavyojipanga mpaka sumaku inakosa pa kushika, japo nikeli ikiwa peke yake inashikwa vizuri tu. Visu vingi vya stenlesi havina nikeli, vijaribu uone.

lehemu_masasi
Mtu asije akakudanganya uichome. Ni kweli chuma kikifika kama nyuzi 770 usumaku unapotea wote, ila na ugumu wa bisibisi utakuwa umeondoka nao, skrubu ya kwanza tu ncha inajipinda. Nenda kwa fundi redio mwenye bunduki ya lehemu, ile yenye transfoma ndani. Anza kutoa vumbi kwa soliteipu, bandika bandua. Halafu pitisha ncha katikati ya kile kitanzi cha mbele bila kukigusa maana kinaunguza, abonyeze, na akiwa BADO amebonyeza wewe vuta bisibisi taratibu mpaka ifike urefu wa mkono ndo aachie. Umeme wetu unageuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, vile visehemu vinayumbishwa huku na huku na kadiri unavyosogea mbali vinabaki vimetawanyika.

mzee_wa_mikindani
Wanangu na mimi niseme la baharini. Kijana wa mashine aliwahi kusahau bisibisi ya namna hiyo chini ya dira, tunaelekea Msimbati usiku. Dira inasema tuko sawa lakini kusi inanipiga shavu lisilo lake. Nikapapasa chini nikaikuta, kuitoa tu sindano ikazunguka mbele ya macho yangu ikatulia kwingine kabisa. Mwenye boti, vyombo vya chuma viweke mbali na dira, hatua mbili tatu zinatosha, maana ukizidisha umbali mara mbili nguvu ya sumaku inabaki sehemu moja ya nane.

fundi_chikongola
Shikamoo mzee, asante sana, na nyie wakuu. Nimeenda leo, mara ya kwanza fundi redio aliachia mapema ikazidi kushika kuliko jana, mara ya pili tukaenda mdogomdogo na sasa nikiichovya kwenye vumbi inatoka safi. Sumaku ya spika nimeihamishia kwenye kopo lake, iko juu ya mlango. Bisibisi moja fupi nimeiacha na usumaku wake kwa ajili ya skrubu za betri, nimeizungushia utepe mwekundu isije ikasogea kwenye kabureta.