Nimalizie kitabu cha watoto kwa rangi za maji au ninunue tableti? Naagiza wiki hii

Mchoraji_Ilemela
Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya kuchora kitabu cha watoto, skechi zote za penseli zimeshapita, mhariri kaniambia sasa nianze picha zenyewe. Siku zote mimi ni mtu wa rangi za maji na kalamu ya wino, ila hela ya awamu ya kwanza imeingia na nimetenga milioni moja na laki mbili kwa ajili ya vifaa, ndo nikaanza kuwaza nihamie dijitali moja kwa moja. Nina njia tatu kichwani. Nibaki na rangi za maji ninunue karatasi nzuri na brashi mpya, au nitafute iPad iliyotumika na kalamu yake nichoree Procreate, ile app ya kuchorea, au ninunue tableti ya kuchomeka kwenye laptop, ile isiyo na kioo, nitumie Krita, programu ya kuchorea ya kompyuta. Mwenye uzoefu anisaidie, kuna mtu anakuja Mwanza toka Dar Jumamosi nataka abebe mzigo.

FundiChapa
Kabla watu hawajaanza kukutajia vifaa, jibu haya: kitabu kina kurasa ngapi, saizi gani, kinachapwa rangi zote au nyeusi na rangi moja? Una muda gani mpaka kukabidhi? Laptop yako ina RAM ngapi? Na nani anaskani ukichora kwa mkono, wewe au wao? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

MamaZuhura_Tanga
Rangi za maji, mwanangu, usihangaike. Mkono wako umeshazoea, kazi ina tarehe, huu sio wakati wa kujifunza kifaa kipya. Hiyo hela nunua karatasi ya gramu 300 za kutosha, na za ziada maana utaharibu, brashi mbili nzuri za duara, moja nene moja nyembamba, na chenji itabaki. Karatasi ndiyo usiionee uchoyo. Ile nyepesi ukiimwagia maji inajikunja kama bati la zamani, rangi inakimbilia mabondeni na hairudi.

Penseli_Nrb
Mi naona iPad. Niko Nairobi, nimefanya vitabu vya gredi za chini kwa Procreate na sijarudi nyuma. Unalipia app mara moja tu, hakuna mambo ya kulipa kila mwezi, na skechi yako unaipiga picha unaiweka leya ya chini (leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine) unaipunguza nguvu unachora juu yake. Mhariri akisema toa huyo kuku, unatoa kuku, mandhari inabaki vile ilikuwa. Hiyo pekee inalipa pesa yote. Lakini iwe iPad inayokubali Apple Pencil, na ujue ni Pencil ya kizazi gani, kuna watu wameuziwa kalamu na iPad zisizoelewana kabisa.

Mchoraji_Ilemela
Asanteni. @FundiChapa kurasa 24, saizi ni A4 hivi, rangi zote. Muda miezi miwili na nusu. Laptop RAM 8.

FundiChapa
"A4 hivi" sio saizi ndugu yangu. Ya kusimama au ya kulala? Na kwenye hizo 24 umehesabu ukurasa wa jina na wa haki za mchapishaji? Nakubana kwa sababu hapo ndo picha zinapokufa. Chukua A4 ya kusimama: picha inayotanda kurasa mbili ni milimita 420 kwa 297, ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, inakuwa 426 kwa 303. Kwa dpi 300, yaani nukta 300 kila inchi, hiyo ni karibu pikseli 5030 kwa 3580. Sasa @Penseli_Nrb mwambie mwenzio ukweli, kwenye iPad ya zamani yenye RAM ndogo ukifungua turubai ya ukubwa huo unaruhusiwa leya chache tu. Wengi wakiona hivyo wanafungua turubai ndogo ya saizi ya kioo ili wapate leya, halafu wanatuletea sisi tuivute. Hata ile iPad kubwa ya inchi 12.9 kioo chake ni pikseli 2732 kwa upana, ukichapa kwa dpi 300 unapata sentimita 23 tu. Huwezi kuitandaza kurasa mbili ikabaki safi, macho ya mtoto yanakuwa ukungu.

Penseli_Nrb
Ni kweli leya zinapungua, sikatai. Mi huwa naunganisha: mandhari leya moja, wahusika moja, mistari moja. Inafanya kazi. Pia unaweza kuchora kila ukurasa kivyake kama picha haivuki katikati.

Kalamu2B
Nimesoma huu uzi nikaona niandike, maana yaliyonikuta sitaki yamkute mtu. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kitabu cha mtoto na bibi yake na mbuzi, kurasa 24 vilevile kama zako. Nilikuwa mtu wa rangi za maji kufa kupona. Nikachora skechi, zikapita, nikahamishia kwenye karatasi nzito A3, nikapaka picha zote kwa wiki saba, usiku na mchana, mbuzi wa kahawia, bibi na kitenge chenye duara za njano. Nikapeleka picha zenyewe kwa mchapishaji kwenye bahasha kubwa, wakaniambia wataskani wao. Kumbe skana yao ni ya A4. Kila picha wakaiskani nusu nusu halafu kijana mmoja akaziunga kwenye kompyuta, ukitazama unaona mstari unashuka katikati, na kwenye ukurasa wa kilele cha hadithi ule mstari umepita shingoni kwa bibi. Skana ikajirekebisha mwanga yenyewe, zile rangi hafifu nilizozipaka kwa upole, pinki ya alfajiri, buluu ya mbali ya milima, zote zikageuka karatasi tupu. Hayo nikavumilia. Baada ya hapo kukaja barua, kamati imeona mbuzi asiwe wa kahawia awe mweupe mwenye madoa, maana maandishi ya ukurasa wa 3 yanasema mbuzi mweupe. Yanasema kweli. Mimi sikuyasoma vizuri na mhariri alizipitisha skechi kwa sababu penseli haina rangi! Mbuzi yupo kwenye picha kumi na moja. Rangi ya maji ya kahawia huwezi kuirudisha nyeupe, nikajaribu rangi nzito nyeupe juu yake ikatoka kijivu kama majivu. Nilirudia picha tisa, mbili tukaziacha mbuzi akafichwa nyuma ya mti na mhariri. Sikulipwa hata shilingi ya ziada maana mkataba haukusema chochote kuhusu marekebisho. Na picha zangu za mwanzo zilirudi zimelowa pembeni, nimezihifadhi mpaka leo siwezi kuzitazama.

Kwa hiyo ushauri wangu haujalishi unanunua nini. Kabla hujagusa picha ya kwanza, fanya skechi ndogo za rangi, saizi ya kiberiti, kurasa zote 24 kwenye karatasi moja, mhariri azione na aandike kwamba amezikubali. Halafu chora karatasi ya mhusika: mbele, ubavu, mgongo, nguo yake rangi gani, vifungo vingapi. Ibandike ukutani.

MamaZuhura_Tanga
Pole sana Kalamu. Hiyo ya kamati kubadili baada ya kukubali naijua.

kijana_wa_msasani
Wakuu samahani lakini hii habari ya kufuta kuku na kurudisha kuku ndo inafanya vitabu vya siku hizi vyote vifanane. Ukichora kwa mkono unafikiri kwanza. Kuchora na leya ni kudanganya.

Penseli_Nrb
Kudanganya nani sasa? Mtoto hajui leya ni nini, anajua kama yule simba anatisha ama hatishi.

kijana_wa_msasani
Mzee Tingatinga alipaka rangi ya baiskeli juu ya hardboard, hakuwa na cha kufuta, na picha zina uhai mpaka leo, miaka zaidi ya 50 tangu afariki 1972.

FundiChapa
Mfano wako unakupinga. Alichukua rangi iliyokuwepo dukani, inayong'aa na ya bei aliyoimudu, akafanya nayo kazi. Kwa leo kifaa kilichopo kwa kijana wa Mwanza kinaweza kuwa laptop.

Brashi_Kavu
Naomba tuzungumzie kitu ambacho naona hakuna aliyekigusa, uhai wa skechi. Mimi tatizo langu kubwa tangu nianze halijawahi kuwa rangi wala kifaa. Skechi ya penseli inacheka, mtoto anakimbia kweli, nikishaihamisha kwenye picha ya mwisho anasimama kama sanamu la dukani. Ni kwa sababu tunafuata mstari kwa woga, mkono unatambaa polepole na mstari unakufa. Nilichojifunza, nahamisha alama chache tu, kichwa kipo hapa, mguu hapa, mwelekeo wa mgongo, halafu mistari nachora upya kwa kasi ileile ya mwanzo, hata ikibidi mara nne. Kwa dijitali ni rahisi zaidi kurudia, ila hatari yake unavuta karibu mno, unapaka kope moja moja, ukirudi nyuma picha nzima imelala. @Mchoraji_Ilemela wewe unahamishaje skechi zako?

Mchoraji_Ilemela
Nabandika kwenye kioo cha dirisha mchana. Ila karatasi ya gramu 300 mwanga unapita kwa shida, natumia macho sana.

MamaZuhura_Tanga
Mimi nina meza ya kioo, chini yake naweka taa ya LED, usiku nazima taa ya chumba, hata karatasi nzito unaona. Ukikosa, paka penseli laini 2B nyuma ya skechi yote, ilaze juu ya karatasi nzuri upitie mistari kwa kalamu ngumu. Usisugue raba kwenye karatasi ya rangi, unaichubua, rangi ikifika hapo inazama kama doa.

Brashi_Kavu
Au uskani skechi uiprinti hafifu juu ya karatasi ya rangi, kama printa inameza karatasi nene. Iwe ya leza. Printa nyingi za wino wa maji ukipitisha brashi mistari yote inatembea.

Krita_bure
Nimechelewa. Chaguo la tatu mbona limesahaulika? Krita ni bure kabisa, inafanya CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, na inakuonyesha kwenye kioo rangi zitakavyofifia kwenye chapa. Ile buluu kali na kijani cha limau unavyoviona kwenye kioo havipo kwenye wino, bora ujue mapema. RAM 8 inatosha ukifunga mambo mengine. Tableti isiyo na kioo ni bei ndogo kuliko zote, chenji ununue UPS. Shida moja tu, mkono uko mezani macho yako kwenye kioo, wiki mbili za kwanza utachora kama mtoto. Usikate tamaa hapo.

Kalamu2B
Wiki mbili kati ya kumi ni nyingi.

Mchoraji_Ilemela
Naona niseme na hili, mhariri leo kapiga simu, kurasa tatu huenda maandishi yakabadilika. Na mkataba unasema picha halisi zinabaki kwao. Je ni kawaida?

Kalamu2B
HAPANA. Simama hapo. Karatasi uliyopaka ni mali moja, haki ya kuichapa ni mali nyingine. Wao wanahitaji haki ya kuchapa kitabu hiki. Omba kifungu kibadilishwe kabla hujaanza, na uongeze cha marekebisho, mara ngapi ni bure na baada ya hapo kiasi gani.

Penseli_Nrb
Sasa unaona, kwa dijitali hakuna picha halisi ya kung'ang'ania.

Kalamu2B
Ipo, ni faili lenye leya. Usiwape hilo, wape TIFF, faili la picha, leya zote zikiwa zimeunganishwa kuwa moja.

FundiChapa
Sisi wachapaji wakati mwingine tunaomba lenye leya ili maandishi yasikae juu ya picha. Maandishi yawe nyeusi tupu kwenye faili lake, usiyachore ndani ya picha, wakija kutoa toleo la Kiingereza itakuwa kilio.

Brashi_Kavu
Kwa hizo kurasa tatu ziache mwisho. Zingine njia yoyote, ila mistari kwa mkono kwenye karatasi na rangi kwenye kompyuta nayo ni njia, mbona hatujaitaja.

Mchoraji_Ilemela
Hiyo nimeipenda. Skana ya A3 Mwanza naipata wapi?

kijana_wa_msasani
Mjini kuna stationery zinaskani ramani za wahandisi, kaulizie huko. Ila kawaambie wazime ile ya kujirekebisha mwanga.

FundiChapa
Na bado hujasema kama kitabu kinasimama au kinalala.

MamaZuhura_Tanga
Kesho nikipata mwanga mzuri nitaweka picha ya ile meza yangu ya kioo, na aina ya taa, maana wawili wameniuliza inbox.