MREJESHO: Niliyetaka kuacha dagaa niende ualimu wa msingi

Wakuu habari za masiku. Mimi ndo yule niliyeuliza kama ni akili mtu wa miaka 33 kuacha biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, akasome ualimu wa shule ya msingi, wengi mkasema nitakula chaki.

Basi nilienda. Cheti, miaka miwili, divisheni three yangu ya fom foo ikanibeba, ada nikalipa kwa mtaji wenyewe yaani mke wangu alininunia wiki nzima. Darasani wenzangu madogo wakawa wananiita mjomba.

Sasa hivi najitolea shule moja huku Ilemela huku nasubiri ajira, wamenipa darasa la kwanza, zile KKK, kusoma kuandika na kuhesabu. Watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini na kuna wanaokuja wanajua Kisukuma tu, sasa hapo unaelezea "toa" na "jumlisha" hadi jasho linakutoka. Siku moja nikaachana na vizibo vya soda nikaleta dagaa wakavu, tukahesabu mafungu, weee walielewa! Shida dogo mmoja alikula jibu.

Hela? Posho ni ya nauli tu, tusidanganyane. Jumamosi bado nashinda mwaloni napima dagaa kwa kindoo cha sado, na juzi mzazi kanikuta pale na mtoto wake, katoto kakaniamkia shikamoo mwalimu kwa sauti soko zima likageuka.

Mke kashaacha kununa, kidogo.