Maandazi yananigomea huku Leicester, naombeni msaada

Mdogo wenu, Leicester:

Mbukwenyi wote. Wakubwa, shikamooni.

Jumamosi ijayo Watanzania wa hapa tunakutana, nami nimeahidi kuleta maandazi. Nimejaribu mara tatu. Unga, tui la kopo la mililita 400, sukari, hamira, iliki. Nje yanaungua, ndani mabichi, yakipoa yanakuwa mawe. King'ora cha moshi kimelia mara mbili na ninayeishi naye ameanza kuninunia.

Kinachoniuma zaidi, hata machache yaliyoiva hayana ladha niliyokulia nayo Chang'ombe ya Dodoma. Tulikuwa tunatumwa na bakuli kwa mama wa jirani kabla jua halijachomoza, tunarudi moja limeshaliwa njiani. Lile ndilo ninalolitafuta.

Shangazi, Majengo, Dodoma:

Marahaba mwanangu. Niliuza maandazi hapa Majengo, kisha nikaishi Uingereza miaka tisa kabla ya kurudi. Hayo ya kwako yamenipata yote.

Kwanza, tui liache. Hayo uliyokuwa unakaanga ni mahamri ya pwani. Mombasa na Lamu wanayakata pembe tatu, yanatuna mpaka ndani panabaki uwazi, wanayala na mbaazi za nazi. Ni matamu sana na siyasemi vibaya. Ila Dodoma hatuna minazi. Nazi inapanda gari kutoka pwani, na mama anayekaanga ya kuuza alfajiri akianza kukuna nazi, faida yote inaishia kwenye kifuu. Andazi letu ni la maji, la maziwa siku yakipatikana. Limejaa ndani, kwa sababu anayelinunua anataka limfikishe mchana na kikombe kimoja cha chai ya rangi.

Sasa ile ladha. Naamini ni mafuta. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, mafuta tunayakamulisha kwenye mashine za mitaani, yanatoka ya njano na harufu yake yote. Ya madukani huko yamesafishwa, harufu imeondoka. Yapo pia yasiyosafishwa, lakini usiyakaangie, yanatoa moshi mapema mno na king'ora kitalia tena. Kaangia yaliyosafishwa, halafu yale mengine weka vijiko viwili vikubwa ndani ya unga wakati wa kukanda. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, mume wangu aliingia jikoni akaniuliza nani katuletea mafuta kutoka nyumbani.

Unga usomee pakiti vizuri. Ulioandikwa "self-raising" umeshatiwa baking poda, huo ni wa keki. Wa kawaida wa huko ni laini kidogo, kwa hiyo mimi nilichanganya nusu kwa nusu na unga wa mkate. Kilo moja ya unga, sukari gramu 150, hamira ya chenga pakiti moja ya gramu 7, chumvi kidogo, maji ya uvuguvugu kama nusu lita. Maji usiyamimine yote kwa pamoja. Kanda dakika kumi kamili, mpaka donge liache kushika mikono.

Hapa Dodoma mwezi wa kumi ukifunika unga, ukirudi kutoka kisimani umeshaumuka. Jiko lako la baridi halina joto hilo. Ingiza bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, washa taa yake tu, ngoja mpaka donge liwe mara mbili, hata ikichukua saa mbili. Likisukumwa na kukatwa, yaache vipande vipumzike tena dakika ishirini. Hatua hii watu wengi wanairuka, ndiyo maana wanapata mawe.

Mafuta yako ni ya moto kupita kiasi, hilo halina shaka. Tupia kipande kidogo cha unga: kizame kidogo, kisha kielee juu chenyewe na mapovu. Kikigeuka kahawia papo hapo, punguza moto. Mwenye kipimajoto, nyuzi 175. Yamwagie mafuta juu kwa kijiko ili yatune.

Kaka, Minnesota:

Shangazi, kwa heshima zote, nyumbani kwetu Dodoma nazi ilikunwa. Baba alikuwa mtu wa reli, tulitokea Tanga, na nazi zilikuja kwa treni kutoka Dar. Kwa hiyo andazi la nazi nalo ni la Dodoma kwa sisi wengine.

Mdogo wangu, mafuta yakishika moto zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, usimwage maji kamwe. Yakipoa yatie kwenye chupa, usiyamwage kwenye sinki, bomba litaziba.

Dada, Coventry:

Ukipenda kuanza kuuza, kwa Uingereza unajisajili halmashauri angalau siku 28 kabla. Ni bure, hata kama unapikia nyumbani. Na uwaambie wateja viambato vyenye mzio: ngano kwanza, na maziwa ukiyatia.

Shangazi:

Kaka, umenikumbusha. Watoto wa reli walikuwa wanakuja shuleni na maandazi meupe laini, tukibadilishana nao kwa karanga. Nakubali.

Mdogo wenu, Leicester:

Shangazi, nimekaanga jana usiku bila tui. Yametuna! La kwanza limekunywa mafuta kwa sababu niliharakisha, mengine kumi na tisa yametoka kama ya jirani yetu. Nilipoligawa moja katikati ile harufu ikapanda, nikampigia mama simu hapo hapo. Ninayeishi naye amekula manne.

Swali moja limebaki. Iliki niitwange na maganda yake?

Shangazi:

Toa maganda, mwanangu, twanga mbegu tu. Maganda tia kwenye chai.