Naomba ushauri: zeolaiti yangu ya chuma imegeuka rangi ya kutu
Ndugu wanakemia, nawasalimu kutoka Mombasa. Natayarisha zeolaiti (kitu kigumu cha silikoni, alumini na oksijeni chenye vitundu vidogo mno) ya aina ya ZSM-5 yenye chuma ili ivunje oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 273 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule katika miaka 100. Naelewa kwamba ioni pweke ya chuma yenye chaji +2, iliyoshikwa na oksijeni za ukuta wa zeolaiti, huinasa molekuli hiyo, ikaachia nitrojeni na kubaki na atomu ya oksijeni iliyo kali mno. Hata hivyo, unga wangu uliokuwa mweupe umetoka tanuruni na rangi ya kutu, nami nahofia chuma kimejikusanya kuwa vibonge vya oksidi. Je, nipunguze chuma, au tatizo ni unyevu wa pwani yetu, ambao zeolaiti huunyonya upesi?