Uanafunzi katika Marko 8–10: nigawe vipi somo la jumuiya?

Mwanajumuiya: Bwana asifiwe, wapendwa. Nimepewa kuongoza somo la jumuiya kwa jioni 3, dakika 45 kila moja, juu ya uanafunzi, unyenyekevu na imani. Nimechagua Marko 8 hadi 10, lakini naona visa vimetawanyika: kipofu, mtoto, tajiri, wana wa Zebedayo. Uzi wake ni upi? Na imani inaingilia wapi?

Mchambuzi: Amina, ndugu. Uzi upo, na Marko ameufunga kwa kipofu ncha zote mbili. Mwanzoni ni yule wa Bethsaida (8:22-26), aliyeponywa kwa awamu mbili: kwanza aliona watu kama miti inayotembea, kisha akaona sawasawa. Mwishoni ni Bartimayo wa Yeriko (10:46-52). Kati yao Yesu anatabiri kifo chake mara 3: 8:31, 9:31 na 10:33-34. Kila mara wanafunzi wanateleza papo hapo. Petro anamkemea, ndipo lije neno la kujikana na kujitwika msalaba. Wanabishana nani mkubwa; wanaambiwa atakaye kuwa wa kwanza awe wa mwisho wa wote. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanaomba viti vya kuume na kushoto. Wanajibiwa kwa mtumishi na mtumwa (10:42-45).

Jioni zako zimeshajigawa, kila moja na utabiri wake, kosa lake na fundisho lake. Soma vyote vitatu kwa mfululizo kabla ya maswali. Ukiruka utabiri, unyenyekevu unageuka kuwa adabu njema tu. Jioni ya kwanza ndiyo itakayokulemea, kwa kuwa ina Yesu kugeuka sura mlimani na kijana mwenye pepo. Mlimani pita haraka, lakini kilio cha baba wa kijana, 9:24, usikiache: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Dada_Mlezi: Naongeza tahadhari moja kwenye 8:34. Kwetu mtu husema "mume huyu ndiye msalaba wangu", na mwanamke anayepigwa huambiwa avumilie. Aya haisemi hivyo. Chini ya Warumi aliyebeba msalaba alikuwa mtu anayepelekwa kuuawa, na Yesu anaendelea: "kwa ajili yangu, na kwa ajili ya Injili" (8:35). Ni gharama ya kumfuata yeye. Luka 9:23 ndiyo inayoongeza "kila siku". Usiitie kwa Marko. Vilevile angalia 10:42-45 anasemeshwa nani: wanaotaka kutawala. Kuwahubiria unyenyekevu walioonewa tayari, huku wenye viti wakiachwa, ni kuigeuza aya kichwa chini.

Mwanajumuiya: Asante, dada. Na yule mtoto? Huwa tunafundisha kuwa watoto hawana hatia.

Mchambuzi: Hilo haliko kwenye aya. Marko 9:37 inazungumzia *kumpokea* mtoto, asiye na cheo wala cha kukulipa. Kujinyenyekeza kama mtoto ni Mathayo 18:4. Zitenganishe, watu huzichanganya, na agizo la kumpokea mdogo likapotea.

Kuhusu imani, weka 10:36 kando ya 10:51. Swali ni lile lile: mwataka niwafanyie nini? Wana wa Zebedayo wanataka enzi, Bartimayo anataka kuona. Tazama na neno "njia": aliketi *kando ya njia* (10:46), akaishia akimfuata *njiani* (10:52), na katikati anasikia "imani yako imekuponya".

Dada_Mlezi: Ukibakiwa na dakika 10 jioni ya tatu, fungua Mathayo. Wanaosifiwa kwa imani kubwa ni akida, yaani ofisa wa jeshi, anayesema hastahili Bwana aingie chini ya dari yake (8:8-10), na mama Mkanaani (15:28). Wote wawili si Waisraeli. Wanafunzi ndio wanaoitwa wenye imani haba: 8:26, 14:31, 16:8. Kisha rudi Marko 10:50 uwaachie swali hili: kwa nini Bartimayo ombaomba alitupa vazi lake akaenda, na tajiri aliyeambiwa auze mali zake akaondoka kwa huzuni (10:22)?