Bakora ya mzee ina kichwa cha pembe ya mamothi: niikate au niiache?

Mwana_Nyakach: Wadau, naombeni ushauri. Shemeji yangu wa Uingereza alimletea baba bakora. Si ya soko la Kibuye hii. Mti wake ni mwaloni uliozama kinamasini miaka elfu kadhaa, mweusi tititi kama mpingo, na kichwa ni pembe ya mamothi, wale ndovu wa manyoya wa Siberia. Mzee aliipapasa, akasema asante, ikaishia nyuma ya kabati. Anatembelea fimbo yake ya zamani, chini imechanuka kama ufagio. Juzi nilimbembeleza aijaribu, kila hatua bega linapanda. Ni ndefu. Fundi akiikata nitakuwa nimeharibu mali? Na Agosti anapanda ndege kwenda Mombasa, hiyo pembe haitatuletea balaa?

FundiKondele: Kata. Fimbo hupimwa kwa mtu, mtu hapimwi kwa fimbo. Mzee avae viatu vya kila siku, si malapa, asimame wima mikono ikining'inia. Kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kipinde kidogo tu. Toa unene wa mpira wa chini kabla ya kuweka alama, hapo ndipo wengi hukosea. Kata upande wa chini, zungushia selotepu mti usichanike, msumeno uwe wa meno madogo. Anza na nusu sentimita. Ukizidisha, hakuna kurudisha.

Sheria_Kisumu: Kabla ya msumeno, hakikisha ni mamothi kweli. Mamothi hayumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ndovu yumo, na biashara ya kimataifa ya pembe zake ilipigwa marufuku mwaka 1989. Hapa kwetu ndio usiseme: Aprili 2016 tulichoma tani 105 pale Nairobi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Tazama pembe mahali ilipokatwa mkingamo, karibu na ukingo wa nje. Kuna mistari inayopishana. Pembe ya mamothi pale hufanya pembe kali chini ya nyuzi 90, ya ndovu huzidi 115. (Lugha yetu nayo, pembe juu ya pembe.) Lakini askari wa uwanja wa ndege hatakuja na kipimapembe. Ipeleke KWS, shirika la serikali la wanyamapori, pamoja na risiti, wao waseme. Mombasa aende na ile ya ufagio.

NyarKisumo: Mamothi wa mwisho walikuwa hai kisiwa cha Wrangel hadi miaka kama 4,000 iliyopita, piramidi za Giza zikiwa tayari zimesimama. Nanyi mnamweka nyuma ya kabati!

Daktari_wa_viungo: Mguu upi unauma, na anashika mkono upi?

Mwana_Nyakach: Goti la kushoto. Anashika kushoto.

Daktari_wa_viungo: Ndiyo hiyo. Ahamishie kulia. Fimbo na mguu mbovu vitangulie pamoja.

Mwana_Nyakach: Nimerudi. Risiti ipo, KWS naenda Jumatatu. Nimemuuliza mzee kwa nini hasa haipendi. Kumbe urefu si neno. Anasema haina sauti! Ile ya zamani akigonga ngazi ya mlango, wajukuu wanazima TV wanakimbilia vitabu. Hii ina mpira, anaingia kama paka. Anataka tuung'oe.

FundiKondele: Mpira usiguse. Simenti ikilowa, hiyo nyonga utaipeleka hospitali. Mwambie akohoe.