Naomba ushauri: ugonjwa umezidi, au ni dawa?

Wauguzi wenzangu, ninahudumu katika wodi ya wagonjwa wa akili hapa Dar es Salaam. Mgonjwa aliyeanza haloperidoli (dawa ya ugonjwa wa akili) siku tatu zilizopita hawezi kutulia: anatembea huku na huko, akikaa anapigapiga miguu, na mwenyewe analalamika kwamba mwili unamlazimisha kusogea. Wenzangu wa zamu walitaka aongezewe dozi wakiamini ugonjwa umepamba moto, lakini mimi nilihofia kwamba dawa yenyewe ndiyo inayomhangaisha, na kwamba kuiongeza kungemzidishia mateso. Nilipima joto, sukari na malaria bila kukuta tatizo, ndipo nikamwita daktari. Je, usiku, daktari akiwa mbali, ninyi hutofautishaje hali hizi mbili, na shaka hiyo mnaiandikaje kwenye faili?